Mashine ya kupukuchua mahindi: kilichofanya zangu zitoke karakanani

Mkulima wa ekari mbili hanunui mashine ya kupukuchua; itamfanyia kazi siku moja, mwaka mzima ilale. Anayenitolea hela ni kijana wa kuzunguka vijijini, Mbozi au Wanging'ombe, analipwa kwa gunia. Huyu haulizi kama mashine ni mpya. Anauliza itapandaje guta, na ikikwama Jumamosi jioni nani ataifungua.

Kwa hiyo nilianza na uzito. Bati la milimita 3 naliweka kwenye ngoma inayopukuchua na chekeche tu. Sehemu ya kumiminia mahindi na njia ya magunzi, milimita 1.5 inatosha. Bolti zote ni M10 (unene milimita 10), spana namba 17, ile aliyonayo kila fundi bodaboda. Shafti ni milimita 25, beringi UCP 205, za dukani Mwanjelwa, Mbeya. Shafti ya milimita 28 ingekuwa imara zaidi, ila beringi yake ungeitafuta wiki nzima.

Kilichonisumbua zaidi ni nguvu. Injini ya petroli ya nguvu farasi 6.5 hupimwa karibu na usawa wa bahari. Ukipanda, inapoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo unabaki na 5.4 hivi. Anayenakili mashine ya Pwani bila kugusa kitu ataiona inakaba magunzi yakizidi. Kubadili jeti ya kabureta hupunguza moshi mweusi na ulaji wa petroli, lakini hewa iliyopungua hairudi. Ukichagua injini, acha akiba.

Kasi nayo. Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika. Puli ya inchi 3 kwa ya inchi 14 inaishusha ngoma hadi 770 hivi. Ukizidisha, punje zinavunjika na mnunuzi wa mahindi anakata bei. Mkanda mnene wa aina ya B kwenye puli ya inchi 3 unakunjwa mno, unapasuka mapema. Natumia miwili ya A, iliyo myembamba. Matundu ya kufungia injini nimeyafanya marefu, milimita 40, ili mkanda wa A58 au A60 (namba ni urefu kwa inchi), wowote utakaopatikana, uingie.

Mahindi mabichi yatapondeka hata kwenye mashine nzuri, na lawama inamwangukia mtengenezaji. Ndiyo maana namfundisha mteja kipimo cha chumvi: punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Arudi akiwa ameyaanika.

Nauza Aprili na Mei. Julai kijana ameshakodi ya mwenzake. Aprili hana hela, kwa hiyo napokea nusu, nyingine baada ya mavuno, na mikanda miwili ya akiba naifunga kwa waya kwenye fremu kabla guta halijaondoka.