Kengee ya Upanga Mmoja, Mpini wa Mwingine

Kamusi za Kiswahili za zamani hutofautisha panga kwa namna ambayo wengi wetu tumeisahau. Upo upanga wa feleji, ulio mrefu, ulionyooka na wenye makali pande mbili, ambao Waarabu wa pwani walikuwa wakiubeba. Upo upanga wa imani, ulio mfupi na wenye kikingio cha mkono mfano wa msalaba. Na kipo kitara, ambacho kimepinda. Mimi nilikuwa nautaka huo wa feleji. Upanga wa kale wenyewe siumudu kwa bei, na hata ningeumudu nisingethubutu kuufungua, kwa hiyo nilikusudia kupata nakala tu, lakini nakala ambayo mtu akiishika asione kwamba ameshika pambo la ukutani.

Nakala ya kwanza niliinunua katika soko la Matrah, hapa Muscat ninapoishi. Mpini wake ulikuwa mzuri kuliko bei yake: mti mrefu wa mviringo uliovikwa ngozi nyeusi na kushonwa upande mmoja, hauna kikingio chochote, na mwishoni una tundu la kupitishia kamba ya mkononi, kama zilivyo panga za Oman. Kengee, yaani bapa lenyewe, ndiyo iliyokuwa aibu. Ilikuwa ya stenlesi, inang'aa kama sahani ya hoteli, na nilipouvuta mpini kidogo nikagundua kwamba msuka wake, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini, ulikuwa nondo nyembamba iliyochomelewa kwenye bapa. Chuma cha namna hiyo kikiwa kirefu huvunjika kwa urahisi kinapopigwa, na mara nyingi huvunjikia hapo hapo penye kuchomelewa, kisha kipande kikaruka kisikojulikana.

Ya pili ilikuwa nakala ya upanga wa Ulaya wa zama za kati, iliyotengenezwa India. Kengee yake ni ya pua ya 5160, jamii ya pua inayotumika kutengenezea spiringi za magari, na msuka wake ni mpana na umetokana na chuma kile kile cha bapa. Kichwa cha mpini kilikuwa kimefungwa kwa nati, kwa hiyo niliweza kuufungua wote bila kukata kitu. Hapo ndipo wazo liliponijia la kuitoa kengee hii na kuitia katika mpini ule.

Rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba huo ni uharibifu, kwa kuwa upanga wa Oman wenye kengee ya Kizungu si wa Oman. Nadhani amekosea, na historia iko upande wangu. Kengee nyingi zilizowahi kuvishwa mipini Uarabuni, Sudan na kwenye pwani yetu zilitoka Ulaya, hasa katika mji wa Solingen, Ujerumani, zikasafirishwa zikiwa tupu na kuvishwa mipini na mafundi wa huku. Hata alama ya mbwa mwitu anayekimbia, ambayo wanunuzi waliichukua kuwa dhamana ya ubora, ilianza kwa mafundi wa Passau, mji mwingine wa Ujerumani, wa Solingen wakaiiga, na baadaye ikaigwa hata na watu ambao hawajapata kufika Ujerumani. Upanga wa sehemu mbalimbali, basi, ndio uliokuwa upanga wa kawaida.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Tundu la mpini lilitobolewa kwa ajili ya nondo ya milimita 8, nami nilikuwa na msuka wa milimita 22. Mzee mmoja mwenye asili ya Unguja, ambaye ana karakana ndogo ya vyuma, alinisikiliza nilipomwamkia na kumweleza nia yangu ya kuupasha msuka moto hadi uwe mwekundu na kuusukuma ndani ya mti, kama jembe na kisu cha shamba vinavyotiwa mipini. Akacheka. "Mwanangu, jembe halina cha kupoteza. Huo ukiutia moto, spiringi yake yote inakwenda na moshi." Alinipa kipande cha chuma chakavu chenye upana ule ule, tukakipasha hicho, na kwa hicho tukaunguza tundu kidogo kidogo, huku tukiujaribu msuka ukiwa baridi baada ya kila mara.

Kosa langu lilikuwa kwenye ngozi. Ilinibidi niifumue kabla ya kuunguza, na ili isipasuke niliilowesha maji, kisha nikaiacha juani, jua la Muscat la mwezi wa Juni. Ilipokauka ikawa imerudi, na kingo zake zikaachana kwa milimita 3 hivi. Nilijaribu kuivuta, ikachanika penye mshono. Mwishowe nilinunua ngozi mpya ya mbuzi, nikaishona ikiwa na unyevu juu ya mpini wenyewe, na pale kengee inapoingilia nikatia noleo, yaani pete, la shaba ili mti usipasuke. Msuka umeshikwa kwa gundi ya epoksi na ribiti mbili zinazopita kwenye mti na chuma. Gundi peke yake siiamini.

Jambo ambalo sikulitarajia ni uzito. Upanga wa Ulaya ulikuwa ukikaa sawa juu ya kidole sentimita 10 kutoka kwenye kikingio, kwa sababu kile kichwa kizito cha mpini kiliivuta nyuma kengee nene. Mpini wa Oman hauna kichwa cha namna hiyo, kwa kuwa ulikusudiwa kengee nyembamba inayonesa, ile inayotikiswa katika razha, ngoma ya panga ya Oman, mpaka ncha yake ikatetemeka. Kwa hiyo baada ya kuunganisha, mahali pa kukaa sawa palikimbilia sentimita 21, na upanga ukawa mzito mbele kama shoka. Wapo wanaoyeyusha risasi na kuijaza mwishoni mwa mpini. Hilo huongeza uzito bila kuondoa kasoro, kwani kengee hubaki nene vile vile. Mimi niliipunguza kwa msasa wa mkanda kutoka katikati kuelekea nchani, nikiichovya majini kila baada ya sekunde chache ili isipate joto, kwa siku nne za Ijumaa. Sasa inakaa sawa sentimita 16, na ukiitikisa inanesa kidogo, ingawa haifikii ile inayonesa uwanjani. Makali nimeyaacha butu.

Imebaki ala. Ile iliyokuja na upanga wa Matrah ina upana wa kutosha, lakini ni fupi kwa sentimita 6, na mzee amekataa kuiunga kipande, akasema atanichongea mpya baada ya Idi. Kwa sasa upanga umelala kabatini ukiwa umezungushiwa kipande cha kanga kuukuu kilichopakwa mafuta ya cherehani.