Kitabu cha Kodi cha Mama

Yule mtu alipobisha mlango wetu wa mabati, nilikuwa nasonga ugali. Ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa ameenda mtaa wa Otiende kuwafulia watu, na wadogo zangu, pacha, walikuwa wamelala kwenye godoro nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa darasa la sita. Alisimama kizingitini na ubao wa kuandikia, na nyuma yake mwenzake alikuwa akipaka namba ukutani kwa rangi. Walikuwa wamepita mlango kwa mlango huko kwetu Soweto East, Kibera, wakihesabu watu na vyumba, na watoto walikuwa wakiwafuata kama wanavyofuata gari la harusi.

Alikuwa mpole. Aliniuliza tuko wangapi, tunalipa kodi kiasi gani, maji tunachota wapi. Nikamjibu vizuri. Kisha akauliza, "Na mkuu wa familia hapa ni nani? Baba yupo?"

Baba alikuwa ameondoka, mwaka wa tatu huo. Alituaga kwamba anakwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Akatuma pesa mara mbili, kisha kimya. Nyumbani hatukulizungumza, na shuleni nilipoulizwa nilisema baba yuko safari. Basi nikamwambia yule mtu: "Yupo. Yuko kazini, atarudi jioni." Nikamtajia majina yake yote matatu, polepole, ili ayaandike bila kukosea. Akaniachia kikaratasi chenye jina hilo.

Mama alirudi jioni, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni. Nikampa kile kikaratasi. Alikisogeza karibu na koroboi, akakisoma, akakirudia. Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Umemwandikisha mtu ambaye hayupo." Akakikunja, akakitia kwenye ule mfuko wa plastiki aliowekea kadi za kliniki za pacha na kitambulisho chake, akaniambia nipakue chakula.

Wakati ule sikujua uzito wa kile kikaratasi. Nadhani hata watu wazima wengi hawakuujua. Tulikuwa tumesikia habari za kuboresha Kibera tangu zamani, na kila serikali ilikuja na yake. Huu wa sasa ulikuwa mradi wa serikali na shirika la UN-Habitat, na habari zilizotufikia ni kwamba wangeanza na Soweto East: watu watahamishiwa kwanza kwenye nyumba za mawe upande wa Lang'ata, vibanda vibomolewe, zijengwe ghorofa, kisha watu warudi. Waliosadiki walikuwa wachache. Jirani yetu wa mlango wa tatu alisema hizo ghorofa zitakaliwa na watu wenye magari. Lakini mama alikishika kile kikaratasi kama mtu anayeshika tikiti ya basi lisilojulikana litafika saa ngapi. Januari 2008, vurugu za uchaguzi zilipopamba moto, reli ikang'olewa na sisi tukalala siku nne kwenye sakafu ya kanisa, alitoka na vitu viwili tu mkononi: sufuria, na ule mfuko wa plastiki. Pacha aliwaburura kwa leso.

Katikati ya mwaka 2009 ndipo ikajulikana kwamba kuhama ni kweli. Zile ghorofa tulikuwa tukiziona kwa mbali, majengo 17, na watu walianza kuziita nchi ya ahadi. Ikatangazwa kwamba kila aliyehesabiwa aende ahakikishe jina lake. Mama aliomba ruhusa kazini, akapoteza kibarua cha siku hiyo. Akaniambia nisiende shule, nifuatane naye. Hakunieleza kwa nini. Nami sikuuliza, maana nilijua.

Tulipanga foleni tangu saa moja asubuhi. Tulipofika mezani, kijana aliyekuwa na orodha alipitisha rula chini ya mstari, akakuta namba ya chumba chetu, akasoma jina. Jina la baba. Sikuwa nimelisikia likitamkwa kwa sauti miaka mingi.

"Huyu aje mwenyewe na kitambulisho," alisema.

"Hayupo," mama akajibu.

"Ni marehemu? Kama ni marehemu, tuletee cheti."

Mama akanyamaza kidogo. "Sijui," akasema.

Nimeishi na lile neno hadi leo. Miaka yote ile tulijifanya yuko safari, na hapo mbele ya meza, watu wakiwa wamejaa nyuma yetu, mama yangu alilazimika kukiri kwamba hajui kama mumewe anapumua. Na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Kijana hakuwa mbaya. Alieleza kwamba hawezi kubadilisha jina hivihivi, kwa sababu mtu yeyote angeweza kuja kudai chumba cha mwenzake, na kweli walikuwapo watu wa namna hiyo. Akasema arudi Ijumaa na barua ya chifu, na watu wanaomjua, na chochote kinachoonyesha kwamba yeye ndiye anayeishi pale na kulipa.

Barua ya chifu ilipatikana. Mzee wa kijiji alikubali kuja, maana alitujua tangu pacha wazaliwe. Shida ilikuwa hilo la kulipa. Soweto nani alipewa risiti? Ardhi yenyewe ilikuwa ya serikali, vibanda vilikuwa vya watu, na kodi ililipwa mkono kwa mkono. Lakini mama alikuwa na kitabu.

Kilikuwa daftari la hesabu, lile la miraba midogo, jalada lake la bluu limepauka. Alilianza mwezi ule baba alipoacha kutuma pesa, baada ya kubishana na msimamizi wa ploti kama amelipa au hajalipa. Tangu hapo kila mwezi aliandika mwezi, kiasi, na jina lake, kisha msimamizi akatia sahihi pembeni. Mwanzoni mia saba. Baadaye mia nane. Kuna mwezi mmoja ameandika mia tatu, na chini yake mia tano, tarehe tofauti. Huo ndio mwezi pacha mmoja alilazwa kwa homa ya mapafu. Miezi ya mwanzo wa 2008 imeandikwa kwa penseli, kwa kuwa kalamu haikuwapo na maduka yalikuwa yamechomwa. Kurasa mbili zimeshikana kwa mafuta ya taa yaliyomwagika, na ukizitenganisha taratibu bado zinasomeka. Kila mstari, jina ni la mama. Mahali pote, hakuna jina la mwingine.

Tatizo ni kwamba sahihi zile zilikuwa za msimamizi, na ilibidi yeye mwenyewe aje azitambue. Wenye vibanda wengi hawakuupenda mradi, na siwezi kuwalaumu, kwa maana wapo waliotegemea vyumba kumi vya matope kulisha na kusomesha. Vibanda vikibomolewa, yule msimamizi naye hana kazi. Mama alimwendea usiku wa Alhamisi. Nilibaki na pacha, na mama alikaa huko muda mrefu hata nikadhani amekataliwa. Aliporudi alisema tu kwamba mzee amesema ataangalia.

Ijumaa ilifika, msimamizi hakuonekana. Foleni ilisogea. Mzee wa kijiji aliongea, barua ikasomwa, daftari likafunguliwa juu ya meza. Kijana akawa analifunuafunua. Hapo mama akanishika bega akanisogeza mbele.

"Mwambie," akasema.

Nilikuwa kidato cha pili, msichana mkubwa, nimevaa sketi ya shule. Sauti haikutoka mara ya kwanza. Nilisema kwamba siku ya kuhesabiwa nilikuwa peke yangu nyumbani, kwamba niliulizwa baba yuko wapi nikasema uongo, na kwamba sijamwona baba yangu tangu nikiwa darasa la tatu. Niliposema hivyo mama alinifinya bega, si kwa hasira. Kijana aliniangalia, akaangalia daftari tena.

Ndipo nikasikia mtu akisema nyuma yetu, "Hiyo ni sahihi yangu." Msimamizi alikuwa amekuja na kofia yake mkononi, jasho limemtiririka. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakiteremsha hadi mwisho wa ukurasa. "Yote ni yangu. Huyu mama ndiye aliyenilipa. Mwanamume simjui sura." Hakuongeza neno. Alipomaliza akaondoka bila kungoja shukrani, na mama alimkimbilia hadi nje akampigia magoti. Kwetu Magharibi mwa Kenya mwanamke anampigia magoti mkubwa anayemheshimu, lakini Nairobi sikuwa nimewahi kumwona mama akimpigia mtu yeyote.

Jina lilikatwa kwa mstari mmoja, na juu yake likaandikwa la mama.

Watu wa kwanza walihama Septemba 2009. Waziri Mkuu Raila Odinga, ambaye pia alikuwa mbunge wetu wa Lang'ata, alikuja siku ya kwanza na mtaa mzima ukajaa vifijo. Zamu yetu ilikuja baada ya hapo, na vifijo vilikuwa vimepungua. Godoro, meza, jiko la makaa, ndoo mbili, sanduku la bati, pazia: vyote vilitosha kwenye pembe ya lori na bado familia nyingine tatu zikapakia vyao. Majirani waliobaki walisimama pembeni. Jirani wa mlango wa tatu aliyesema habari za wenye magari alikuwa ndani ya lori pamoja nasi, amekumbatia kuku.

Tulipewa chumba ghorofa ya tatu. Nyumba moja ilikuwa na vyumba vitatu, na kila familia chumba chake. Jiko, choo na bafu ni vya pamoja. Kodi ya chumba 500, maji 300, umeme 200. Jumla 1,000. Waliozoea kulipa chini ya hapo waliguna, lakini mama alipiga hesabu kwa vidole kwenye ngazi, tukiwa bado tumebeba ndoo: mtungi wa lita 20 shilingi tatu, mwaka ule wa ukame hadi kumi na zaidi, choo cha kulipia shilingi tano kila uingiapo, watu wanne, mafuta ya koroboi. Alipofika juu alikuwa amemaliza. "Ni nafuu," akasema, na sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa furaha kama ile.

Pacha walivuta maji ya choo hadi wenye chumba cha pili wakalalamika. Mimi nilifungua bomba nikaweka mkono chini yake, nikalifunga, nikalifungua tena.

Kuishi na familia mbili usizozichagua si rahisi, na kuna mengi ya jiko lile ambayo siwezi kuyaandika yote. Majiko matatu, meza moja ya zege, na kila mmoja anataka kupika saa moja jioni. Wiki ya kwanza ilipotea chumvi, wiki ya pili ikawa ni taa nani aliiacha ikiwaka. Mama ndiye aliyesema kila mama awe na saa yake, na aliyechelewa angoje. Ilifuatwa, mara nyingi. Usiku nilisikia kikohozi cha baba wa chumba cha pili kupitia ukutani, na nilishangaa kwamba ukuta wa mawe nao unapitisha sauti. Hata hivyo mvua ilipokuja Oktoba nililala hadi asubuhi. Soweto tulikuwa tukiamka kuhamisha godoro.

Mwisho wa mwezi wetu wa kwanza pale mama alikwenda kulipa, akarudi na risiti. Ilikuwa ya kupigwa mhuri, na ilikuwa na jina lake. Aliisoma akiwa amesimama dirishani, kisha akainama akavuta sanduku la bati, akatoa lile daftari la bluu. Nilimwambia halihitajiki tena, kwani risiti ipo. Hakunijibu. Alifungua ukurasa uliofuata ule wa msimamizi, akaniambia nimwandikie mwezi na kiasi, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaandika: Septemba, 1,000. Kisha akaichukua kalamu, akaandika jina lake. Na pale pembeni, mahali pa sahihi ya msimamizi, akatia yake mwenyewe.