Fundi ni mimi: siku moja kwenye meza ya saa, River Road

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla sijawasha jiko, nachungulia sahani iliyo juu ya kabati. Humo zimelala saa tatu, moja chali, moja kifudifudi, moja kwa ubavu. Saa yenye afya haibadili sana mwendo kwa kuwa umeigeuza, na zangu nyingi hazina afya, ndiyo maana hulala kwangu. Naandika kwenye daftari: Citizen, sekunde nane mbele. Roamer, dakika moja na nusu nyuma. Ya tatu imegoma saa saba usiku. Chai, watoto, matatu kutoka Umoja. Saa mbili kasorobo niko mjini.

Meza yangu iko chini ya ngazi za jengo moja River Road, Nairobi, na upana wake hauzidi mlango. Ina kioo mbele, taa moja, na droo za vyuma chakavu ambazo ndizo benki yangu. Aliyeikalia kabla yangu ni mjomba, na macho yalipomchoka akaniachia kiti pamoja na ile lenzi ya kubana jichoni. Kibao kimeandikwa FUNDI SAA. Hakuna mahali kinaposema fundi ni mwanamume, lakini haipiti siku bila mtu kuinama dirishani na kuniuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Huwa namjibu, "Ameketi hapa."

Mpaka saa nne ni betri, pini, mkanda, betri, betri. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya meza, na watu wengi hudhani kazi yangu inaishia hapo.

Ninayoipenda ni nyingine. Juzi nilitoka soko la Gikomba na saa saba kuukuu ndani ya soksi, zote kwa shilingi 1,400. Nne ni maiti, zitatolewa viungo. Moja ni ya kutia ufunguo, kioo chake cha plastiki kilikuwa na ukungu, nikakisugua kwa dawa ya meno na kitambaa hadi kikawa safi. Nyingine ni ya zamani sana, na unga uliopakwa kwenye akrabu zake ili zing'ae gizani umegeuka kahawia. Hiyo siikwangui hata nikilipwa. Saa nyingi za kung'aa za kabla ya miaka ya 1960 ziliwekwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Mng'ao umekufa, radiamu haijafa, maana huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Nimeifunga kwenye mfuko na kuiweka mbali na chakula.

Ya saba ni Seiko 5, na ndiyo iliyonifanya nilipe bila kubishana sana. Seiko walizianzisha mwaka 1963, na ile tano ni ahadi tano: ijitie ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe zikae dirisha moja, istahimili maji, kifungo cha kutia majira kijifiche kwenye namba nne (nne usoni, kumi mdomoni mwetu), na ganda na mkanda viwe vigumu. Ndani ya hii kuna mashine ya 7009, vito 17 (vijiwe vinavyoshika ncha za magurudumu), mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde. Namba ya mgongoni inaanza na 8 na 4. Nane ni mwaka, nne ni Aprili. Ni 1978 au 1988, namba hiyo haitaji muongo. Uso wake wa fedha umepiga manjano pembeni, na sitaugusa. Sokoni kuna Seiko 5 tele zilizopakwa rangi upya kule India, chungwa na buluu za kuumiza macho, na vijana huzinunua wakiamini zilitoka kiwandani hivyo. Mimi naona uso uliozeeka kwa haki ni bora kuliko uso mpya wa uongo.

Nilikuwa nimetoa kifuniko cha nyuma saa nne na nusu nilipogongewa kioo kwa pete.

"Mwite mwenyewe."

Nilimkumbuka. Mzee wa makamo, koti la kijivu, nilimsafishia Seiko yake wiki mbili zilizopita. Nilipokea saa mimi, nikampa mimi, akanilipa mimi. Bado aliamini kuna mwanamume amejificha mahali fulani nyuma yangu, ambako ni ukuta.

"Mwenyewe ni mimi, mzee. Karibu."

"Mlibadilisha mashine."

Kila fundi saa wa mji huu amewahi kuambiwa hivyo, na bado huuma. Alisema kwa sauti ya kusikika ngazini: saa ilikuja nzima, ikarudi inakimbia dakika arobaini kwa siku, maana yake mashine ya asili imeuzwa na yeye amewekewa takataka. Watu wawili waliokuwa wakingoja betri wakaanza kuangalia saa zao.

Nikatoa simu. Kila saa ninayoifungua naipiga picha kabla na baada, sababu ni watu kama yeye. Nikamwonyesha mkwaruzo kando ya skrubu, aliouacha fundi mwingine miaka mingi nyuma. Nikafungua saa yake, mkwaruzo ule ule. Akasema picha zinaweza kutengenezwa. Nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Kwani unataka kujua nina pesa kiasi gani?"

"Nataka kujua saa inashinda wapi."

Ilichukua muda. Mwishowe akasema ana duka Luthuli. La nini? La spika. Zile kubwa za matanga na harusi. Na usiku akihesabu mauzo saa huiweka wapi? Juu ya spika, si ndiyo meza iliyo karibu.

Nina dira ndogo ya plastiki. Niliisogeza kwenye saa yake na sindano ikageuka kama mtu aliyeitwa jina. Nikamweleza: ndani kuna springi nyembamba kama unywele, inajikunja na kujikunjua, ndiyo pumzi ya saa. Ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandamana, pumzi inakuwa fupi, saa inakimbia. Dawa yake ni kisanduku hiki cha buluu, sekunde tatu tu. Nikabonyeza.

Stima ilikuwa imepotea.

Basi tukakaa. Angeweza kwenda akarudi, lakini hawezi kuniachia saa, nisije nikaiba mashine mara ya pili. Akaketi kwenye kigoda cha wateja kwa dakika hamsini. Alipokea simu saba. Alinieleza jinsi ya kupanga droo. Kila aliyekuja, mzee alimwambia, "Hawa mafundi, hakikisha umepiga picha," hali mimi ndiye niliyepiga picha. Mama mmoja aliyeleta mkanda aliniangalia kwa huruma, akaninunulia chai bila kusema neno. Nilijaribu kuendelea na Seiko yangu kwa mwanga wa mlangoni, kivuli cha mzee kikawa juu ya mikono yangu, nikaacha.

Stima iliporudi, nilipitisha saa yake juu ya kisanduku nikiivuta polepole, dira ikatulia. Nikairekebisha majira, nikamwambia mia tatu.

"Mia tatu? Kwa sekunde tatu?"

Sikuwa na nguvu za kumwambia juu ya miaka kumi na miwili. Nikamwambia asiiweke tena juu ya spika. Akasema atatuma kwa M-Pesa, simu yake haina chaji. Simu iliyopokea watu saba.

Chapati na ndengu, nikiwa nimesimama. Sikumbuki saa ngapi. Baada ya hapo siku ikawa kipande kimoja kirefu. Nilivunja ile 7009 yote, rota, daraja, magurudumu, nikaviosha kwa petroli nyepesi na brashi, nikachokoa matundu ya vito kwa kijiti cha meno. Mafuta makavu yalitoka kama machicha ya chai. Kurudisha ndiko kazi. Juu ya kito cha balansi, lile gurudumu linalopigisha saa, kuna kispringi cha kukinga mshtuko, kidogo kuliko punje ya ulezi. Nilikibana kwa kibano, kikaruka.

Nilikitafuta mezani, sakafuni, kwenye ngazi, kwa tochi, kwa sumaku, kwa magoti. Watu walinipita wakidhani naswali. Niliweka karatasi nyeupe na kukung'utia vumbi la sakafu juu yake, nikapata pini tatu za mikanda na jino la mtoto, sijui la nani. Mgongo ulikuwa unawaka. Nilikuwa nimeshaanza kufungua moja ya zile maiti nichukue chake nilipokiona kwenye sweta yangu, kwenye kiwiko, kiking'aa.

Ilianza kupiga jua limeshazama. Nilifungua ile programu ya simu inayosikiliza mapigo, lakini River Road jioni makanga wana mapafu kuliko saa yoyote, na simu ilinipa takwimu za kicheko. Nikaifunga mkononi nikapanda matatu.

Nyumbani niliwaomba watoto dakika mbili za kimya, wakanipa moja. Sekunde kumi na nne mbele kwa siku. Kwa saa ya miaka yake, iliyotoka kwenye soksi, naridhika, ingawa kesho nitaisogeza kidogo. Kidirisha chake kinaandika siku kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, nami nimeiacha kwenye Kiarabu. Binti yangu aliuliza imeandikwa nini. Nikamwambia al-khamis, akaikamata mwenyewe: "Alhamisi!"

Saa tatu na robo usiku simu ikatetemeka. M-Pesa, shilingi 150. Kisha ujumbe: "Fundi, nusu nyingine mwisho wa mwezi. Nimeiweka juu ya friji."

Nimempigia kumuuliza kama friji hiyo ina zile sumaku za mapambo. Hashiki simu.