Betri iliyogongwa hailali ndani

Jana jioni hapa Ipuli, Tabora, pikipiki ya umeme ya jirani iliingia mtaroni. Dereva mzima, kachubuka kiwiko tu. Ila boksi la betri limebonyea kona moja, na fundi anataka kulichaji eti "tuone kama linashika". Nikagoma! Ndani ya seli ya lithiamu kuna utando mwembamba unaotenganisha chanya na hasi; ukichanika ni shoti, seli moja inachemsha ya pili, na moto unaweza kuzuka saa kadhaa baadaye. Tumeliweka nje, mbali na nyumba. China kuanzia Julai 2026 aina mpya za betri za magari ya umeme lazima zipimwe kwa kugongwa upande wa chini bila kushika moto. Hizi za bodaboda zetu je?