Vioo vya kijumba vilivyoingia ukungu

Kijumba changu cha mfano chenye baraza na paa la bati nimekijenga kwa kipimo cha 1:12, kwa hiyo mlango wa mita 2 unakuwa kama sentimita 17. Tatizo lilikuwa madirisha. Nikibandika plastiki angavu kwa supaglu, kesho yake nakuta ukungu mweupe pembezoni, na masika ya Mombasa yakauzidisha.

Chanzo ni mvuke wa gundi yenyewe: ukikutana na unyevu hewani huganda, ukatua kwenye plastiki. Ndani ya kijumba kilichofunikwa, hauna pa kutokea.

Sasa madirisha nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ile inayokauka bila rangi. Nachovya ncha ya kijiti cha meno, napitisha mstari mwembamba kama uzi kwenye fremu, kisha nabana kwa kibanio cha nguo. Inachelewa kushika, lakini nani ananikimbiza? Yale yaliyokwisha kuharibika niliyasugua kwa pamba yenye tone la mafuta ya kupikia, ukungu ukatoka, nikamalizia kwa maji ya sabuni.

Supaglu imebaki kwa ndoo na majembe ya bustani ya mbele, ambako hakuna kioo.