Kibaba cha ngano kwa nusu rupia

Mimi ni karani wa mizani. Mwaka wa 11 sasa nimekaa mlangoni mwa maghala ya nafaka pale Kibaigwa: napima, naandika kilo, nalipa makuli, nagombana na madalali juu ya lumbesa. Kwa hiyo siku nilipoisoma Ufunuo 6:6 kwa utulivu, bila ile hofu ya utotoni, aliyenikamata hakuwa yule farasi mweusi. Ilikuwa bei.

Sura yenyewe nimekua nayo. Babu yangu alikuwa mwinjilisti kule Pangani, na kitabu cha Ufunuo alikuwa na sauti yake maalumu ya kukisomea. Akianza tu, hata paka anatoka chini ya meza. Mpanda farasi ana mizani mkononi, na sauti inatangaza: "Kibaba cha ngano kwa nusu rupia, na vibaba vitatu vya shayiri kwa nusu rupia, wala usiyadhuru mafuta wala divai." Tulitetemeka, tukaimba, tukaenda kulala. Hakuna aliyewahi kuuliza kama bei hiyo ni ghali au rahisi.

Aliyeuliza ni mwalimu wetu wa kozi ya theolojia ya jioni. Aliuandika mstari huo ubaoni, akageuka: "Ninyi wa sokoni, haya, niambieni." Kimya. Nusu rupia nani anaijua?

Biblia ya Muungano ilitoka 1952, wakati watu walikuwa wamezoea shilingi kwa miaka 30 hivi, lakini rupia ikabaki humo. Kwenye Kigiriki hakuna rupia. Kuna dinari, sarafu ileile ya Mathayo 20, ambapo mwenye shamba la mizabibu anapatana na vibarua dinari kwa kutwa. Huko wafasiri waliiacha iitwe dinari, huku wakaiita nusu rupia, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba ni pesa moja. Na hicho kibaba ni kipimo cha lita moja hivi, chakula cha mtu mmoja kwa siku.

Weka sasa kwenye mizani. Mtu anashinda juani kutwa nzima, jioni anapokea ujira wake wote, na ujira huo unanunua ngano ya kumshibisha yeye peke yake. Mke na watoto? Ndiyo maana shayiri imetajwa. Kwa pesa ileile utapata vibaba vitatu, basi nyumba nzima ile shayiri. Mafuta ya taa, nguo, kodi, hakuna.

Hapo nilikuwa nimeshasogeza kiti mbele.

Mwalimu akatuletea jiwe. Si jiwe lenyewe, nakala ya maandishi yaliyochongwa Antiokia ya Pisidia, katika Uturuki ya leo, mji ule wa Matendo 13, mnamo mwaka 92 au 93. Liwali wa Kirumi, Lucius Antistius Rusticus, anasema baridi imekuwa kali na bei ya nafaka imewaka. Anaamuru kila mwenye nafaka aseme anayo kiasi gani, atoe ya mbegu na ya kula nyumbani kwake, iliyobaki yote awauzie wanunuzi wa mji. Na bei isizidi dinari moja kwa modio. Kabla ya njaa ilikuwa kama nusu ya hapo. Modio ni lita 8 na ushei, haifiki nusu debe. Maana yake bei anayoitangaza Yohana ni mara 8 ya bei ambayo serikali iliiona ndiyo kikomo wakati wa njaa, na yapata mara 15 ya bei ya siku za kawaida.

Wataalamu wengi wanakiweka kitabu hiki mwishoni mwa utawala wa Domitian, kaisari wa Roma aliyetawala 81 hadi 96, kwa sababu Ireneo, askofu wa kanisa la kale, aliandika hivyo katika karne ya pili. Wapo wanaokirudisha nyuma hadi miaka ya 60, karibu na kifo cha Kaisari Nero. Mimi jiwe lile linanivuta kwa Domitian, ingawa najua jiwe moja halimalizi kesi. Njaa zilikuwa nyingi.

Na mafuta na divai? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Wenye mashamba makubwa wa upande ule walipenda mizabibu na mizeituni kuliko ngano, kwa sababu ndiko kwenye faida. Suetonius, mwandishi wa Kirumi wa maisha ya makaisari, anasimulia kwamba Domitian, alipoona divai inazidi na nafaka inapungua, aliamuru nusu ya mizabibu ya majimboni ikatwe, kisha asiifuatilie amri yenyewe. Na katika Prusa, ambayo leo ni Bursa ya Uturuki, kuna hotuba ya tajiri aitwaye Dio. Watu wenye njaa walikuwa wametoka kwenda kuivamia nyumba yake kwa mawe wakidai kafungia nafaka. Akajitetea kwamba yeye hana hatia, nafaka yake haimtoshi hata mwenyewe, kipato chake kinatokana na divai na mifugo! Nimewahi kufanya kazi kwa tajiri mmoja, simtaji, aliyekuwa akiongea hivyohivyo mwezi wa pili, funguo za ghala zikiwa mfukoni mwake. Funguo za akiba nilikuwa nazo mimi.

Usomaji wa namna hii si wa siku nyingi. Mtaalamu wa Biblia Mjerumani Hermann Gunkel mwaka 1895 alionyesha kwamba joka la sura ya 12 lina ukoo mrefu, linarudi hadi visasili vya Babeli vya vita kati ya mungu na bahari iliyochafuka. Baadaye wakaja waliouliza: haya maandishi ni ya aina gani? Kundi la John J. Collins mwaka 1979 likayaweka pamoja, Danieli na Ufunuo, na vitabu vya kale vya Kiyahudi visivyomo katika Biblia yetu, Henoko na Ezra wa Nne, likasema ni aina moja ya fasihi: simulizi ambamo kiumbe wa mbinguni anamfunulia mwanadamu siri ya ulimwengu mwingine na ya mwisho wa nyakati. Henoko kizima kimesalia kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, kwa sababu Wahabeshi hawakuacha kukisoma, na Yuda katika Biblia yetu anakinukuu. Babu angeshangaa.

Lakini kilichonigeuza mimi ni lile swali la mateso. Tulifundishwa kwamba Yohana aliwaandikia watu waliokuwa wakichinjwa kila siku. Leonard Thompson mwaka 1990 alipitia ushahidi akaona Domitian hakuwa mtesaji mkuu wa kanisa kama tulivyoambiwa. Kabla yake Adela Yarbro Collins alikuwa ameshasema kwamba dhiki inaweza kuwa ile mwandishi anayoiona yeye, hata kama jirani yake haioni. Na kweli, kwenye zile barua za sura ya 2 na ya 3 kwa makanisa saba, shahidi aliyeuawa na kutajwa kwa jina ni mmoja tu, Antipa wa Pergamo. Wa Laodikia wanasema "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Hao si watu wanaokimbia simba. Hao biashara imewanyookea. Yohana anawagombeza kwa sababu wamestarehe.

Ukiishika hiyo, hata chapa ya mnyama inashuka kutoka mawinguni. Anasema mtu hawezi "kununua wala kuuza" bila chapa. Chukua sarafu ya Domitian mkononi: kuna moja ina mwanawe aliyekufa mchanga, ameitwa mungu, amekaa juu ya tufe la dunia amenyoosha mikono kwenye nyota saba. Rudi Ufunuo 1:16 uone nyota saba ziko mkononi mwa nani. Ungelipaje ngano sokoni bila kuipokea sarafu kama hiyo?

Na 666, namba ya huyo mnyama, naomba tuelewane. Wenzetu Kenya walipoandikishwa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, mwaka 2019, wapo waliosema ndiyo hiyo. Hapa kwetu nimeisikia ya kadi za simu. Lakini watu wa pwani tunaijua hesabu ya abjadi, kila herufi na thamani yake, na wenyeji wa Yohana nao walihesabu hivyo. Huko Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, mtu aliandika ukutani kwamba anampenda yule ambaye hesabu yake ni 545. Jina akatuachia tubahatishe. Andika "Neron Kesari" kwa herufi za Kiebrania: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumlisha mwenyewe. Ukiiondoa ile N ya mwisho, kama Walatini wanavyolitamka, unapata 616, na kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, kimeandikwa hivyohivyo, 616. Ireneo aliijua namba hiyo akaikataa.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kuongoza jumuiya. Nikaacha wanyama, nikawapa ile bei ya ngano, kisha nikasoma sura ya 18, pale wafanyabiashara wanapolia Babeli imeanguka, na Babeli hapo ni Roma. Richard Bauckham alizichambua bidhaa zile moja moja, zote 28. Kwa Kiswahili ni kama kusimama duka la Mhindi Pangani ya zamani: hariri, pembe, mdalasini, iliki, ubani. Nikawaambia kwamba karne hiyohiyo ya kwanza baharia mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa pwani yetu, akaitaja bandari ya Rhapta. Wapo waliosema ilikuwa karibu na Pangani, wengine Rufiji. Anasema pembe za ndovu huko ni nyingi, ila si nzuri kama za Aduli, bandari ya Bahari ya Shamu. Daraja la pili! Wazee wakacheka, Kibaigwa kila mtu kashakatwa bei kwa daraja la pili.

Nikamalizia orodha: ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, magari, "na miili na roho za wanadamu". Nikaeleza kwamba "miili" ndilo lilikuwa neno la sokoni la kuitia watumwa, na kwamba bandari ya babu yangu nayo iliwahi kupakia pembe na watu kwenye jahazi moja.

Mama mmoja anayeuza vitumbua stendi akanyoosha mkono. "Mwalimu, ngano umetupa bei yake. Hiyo ya mwisho haikuandikwa?"

Nikaangalia tena, kama mtu anayetafuta risiti. Nikamwambia hapana mama, haikuandikwa. Akaifunga Biblia yake kwenye kanga, akasema basi tuimbe, watoto wanasinzia.