Mkono kwenye sahani

Wiki yangu ya kwanza ya kuhudumia watu wenye ulemavu wa akili katika nyumba moja huku Marekani, nilidhani mzee mmoja ana pupa. Akiandaliwa chakula, alizungusha mkono wa kushoto kwenye sahani kama ua, akainama, akabugia. Dakika tatu, kwisha. Mimi ni mtoto wa Murang'a. Nilitaka kumwambia ale polepole. Dada mmoja wa Masaka, aliyenitangulia miaka mingi katika kazi hii, akanivuta kando: "Mwache. Alikolelewa, ukichelewa unanyang'anywa."

Alilelewa Fernald, kule Waltham karibu na Boston, taasisi iliyoanza mwaka 1848 na kufungwa 2014. Walipelekwa huko watoto wenye ulemavu wa akili, na wengine ambao kosa lao lilikuwa uyatima na umaskini tu. Miaka ya 1940 na 1950 baadhi ya wavulana walilishwa uji na maziwa yenye chembe za mionzi, kwa utafiti, wazazi wao wakiwa hawajaelezwa habari ya mionzi. Si mbali na hapo kuna makaburi ya MetFern, walikozikwa wakazi wa Fernald na wa hospitali jirani ya Metropolitan State. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Mawe madogo, herufi C au P, kisha namba: Mkatoliki wa ngapi, Mprotestanti wa ngapi. Mimi niliyezoea mazishi ya kwetu, wasifu wa marehemu unasomwa hadi jua linawachoma waombolezaji, nilisimama pale nikakosa hata jina la kuombea.

Leo mzee anaishi na wenzake watatu katika nyumba ya kawaida, mtaa wa kawaida, ana ufunguo wa chumba chake. Sisi tunashika zamu. Tunatoa dawa, tunawapeleka kwa daktari, tunaandika kila kitu. Kila mmoja ana mpango wake wa maisha unaopitiwa kila mwaka, naye mwenyewe yuko mezani. Wakenya na Waganda tuko wengi katika kazi hii, na wengi tunapiga dabo, zamu juu ya zamu, kwa sababu ya kodi na karo za nyumbani.

Watu hunihurumia kwa kuogesha na kubadilisha nguo. Hayo nimeyazoea. Kinachonishinda ni kutuliza mikono. Kwetu mzee hahangaiki kijana akiwa amekaa; unaruka, unamsaidia, ndiyo heshima. Asubuhi moja alipambana na vifungo vya shati karibu robo saa, nami nikashindwa kuvumilia, nikamfungia vyote. Hakusema neno. Alivifungua kimoja kimoja, akaanza upya kutoka chini. Nilimwomba radhi, na namaanisha.

Mama aliniuliza kwa simu, "Huyo mzee hana watu wake?"

"Ana dada yake. Walitenganishwa wakiwa watoto, wakaonana tena wakiwa na mvi."

Kimya. Kisha, "Basi mpikie chapati."

Nilimpikia. Sasa yeye mwenyewe huziagiza kila Jumapili, na mkono bado anauzungusha kwenye sahani.

Alhamisi tulikwenda kununua viatu, kwa hela zake. Nilimwonyesha vyeusi, imara, vya theluji. Akavipita. Alichagua vyekundu vya kubandika, akavivaa palepale dukani, vya zamani nikavibeba mimi. Tangu siku hiyo, ukibisha mlango wetu, unaonyeshwa viatu kwanza ndipo unasalimiwa.